Bastola ya Mfukoni: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Arua na Koboko

Umeamua. Duka lako la magodoro mjini Arua limeshika, nyumba umeizungushia ukuta, juu ya ukuta umepanda vipande vya chupa, mbwa umemnunua mwenye sura mbaya, na bado bati likilia usiku unamwamsha mama watoto aende kuangalia. Shemeji yako wa Kampala amekupa ushauri: wenye pesa siku hizi hawatembei bila bastola ndogo mfukoni. Basi hongera. Yamebaki mambo matatu tu, yaani bastola, risasi na suruali. Tuanze na suruali, maana hapo ndipo wanunuzi wengi huingia hasara.

Bastola ya mfukoni inataka mfuko wake peke yake. Peke yake kabisa. Sasa geuza mfuko wako wa kulia tuone kilichomo. Simu mbili, moja ya laini ya Uganda na nyingine ya Kongo. Funguo za duka, funguo za stoo, na funguo ya kufuli lililopotea mwaka juzi. Faranga za Kongo zilizochakaa, pauni za Sudan Kusini ambazo asubuhi zilikuwa na thamani zaidi, risiti ya ushuru, karanga za kutafuna njiani. Katika umati huo unataka kutupia bastola. Unapanda bodaboda, bodaboda inaingia shimoni, ncha ya funguo inapenya kwenye kifyatulio, na paja lako linapata habari kabla ya jambazi. Kwa hiyo hama kwanza. Pesa ziende mfuko wa kushoto, simu ziende kifuani, karanga uzile. Kisha nunua ala ya ngozi ya kuifunika bastola ndani ya mfuko, ili kifyatulio kisiguswe na kitu na umbo la chuma lisichoreke kwenye nguo.

Kanzu haifai. Mfuko wake ni mrefu na kitambaa ni chepesi, kwa hiyo mtu mzima anatembea ameinama upande mmoja kama mwenye jipu. Msikitini ni balaa zaidi: ukirukuu chuma kinagonga goti, ukisujudu kinakutangulia. Kaunda suti ndiyo vazi lenyewe, kitambaa kizito, mifuko minne, ila ujue kuwa ukiivaa Koboko utapigiwa saluti na askari asiyekujua, na watu watanyamaza unapoingia hotelini. Na kina mama je? Mama wa sokoni hufunga pesa zake kwenye pindo la kitenge, fundo juu ya fundo, na sijapata kusikia jambazi aliyelifungua fundo lile akaondoka na masikio yote mawili. Yeye hahitaji mwongozo huu.

Tuje kwenye bastola. Ukitaka ndogo kuliko zote, kuna ukoo wa milimita 6.35, uliobuniwa na Mmarekani John Browning na kuundwa kiwandani Herstal, Ubelgiji, tangu 1906. Haifiki gramu 400, inabeba risasi sita, na inajificha kwenye kiganja. Wabelgiji si wageni huku kwetu. Mwaka 1894 Waingereza walimkodishia mfalme wao, Leopold wa Pili, eneo la Lado, na ardhi tunayoikanyaga hapa ilikuwa ndani yake, ingawa waliokodisha nao hawakuwa wameinunua wala kuombwa kuisimamia. Risasi ya bastola hiyo ina uzito wa gramu tatu na ushei. Inaua, tusidanganyane. Lakini aliyepigwa nayo mara nyingi hubaki na muda wa kukujibu.

Panda kidogo ukutane na milimita 7.65, aliyoipenda yule jasusi wa sinema za Kiingereza, kisha milimita 9 fupi. Usiidharau hii fupi. Tarehe 28 Juni 1914 kijana mmoja wa Kiserbia, Gavrilo Princip, aliitumia Sarajevo, tena katika bastola ya Herstal hiyohiyo, akamuua mrithi wa ufalme wa Austria. Kabla ya mwaka kwisha, Waafrika Mashariki wasiojua Sarajevo iko upande gani wa dunia walikuwa wamebebeshwa mizigo ya vita porini. Mwaka huohuo West Nile yetu, yenye Arua na Koboko, ilikuwa imekabidhiwa rasmi Uganda, kwa hiyo vita hiyo ikawa yetu pia. Hivyo ukiishika bastola ya aina hii dukani, ipe heshima yake.

Kisha ipo Makarov ya Kirusi, iliyoingia jeshini 1951, gramu 730, risasi nane. Kila nchi iliyowahi kupokea msaada wa Moscow inaijua sura yake, na Uganda ya Idi Amin ilipokea. Ni ngumu, haina maringo, vumbi jekundu la huku haliiogopeshi sana. Ila mfukoni gramu 730 ni robo tatu ya kilo ya nyama. Suruali itateremka, na mkono utakaokuwa ukiivuta juu siku nzima ndio huohuo uliotakiwa kuchomoa bastola.

Hapa nikuonye, maana hili si la mzaha. Kuna tisa tatu. Kuna 9 kwa 17, ndiyo ile fupi. Kuna 9 kwa 18, ya Makarov. Kuna 9 kwa 19, ya Kijerumani, ambayo ndiyo imeenea duniani kote. Hizo nambari za pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Mtu wa gizani atakwambia, "Mzee, tisa ni tisa." Si kweli. Risasi ya Makarov ni nene kidogo kuliko wenzake licha ya jina, na yenye nguvu zaidi ikiingizwa mahali pa dhaifu, aliye nyuma ya bastola ndiye anayekuwa hatarini. Soma kilichochongwa ubavuni mwa mtutu, soma kilichochongwa kwenye kitako cha ganda, vifanane. Kama macho yamechoka, muombe mwanao wa sekondari asome, na hapo utakuwa tayari umemwonyesha mtoto mahali bastola inapokaa, jambo ambalo tutalijutia mbele.

Wapo wanaoshikilia ile ya tumbo la kuzunguka, ya risasi tano. Wana hoja. Ile ya kasha, ukiifyatua ukiwa bado mfukoni, kitambaa huweza kuibana sehemu yake inayorudi nyuma, ikakwama baada ya mlio mmoja. Ya kuzunguka haina habari hiyo, itatoboa suruali mara tano bila kusita. Suruali ya pili iwekwe kwenye bajeti.

Na ukubali jambo moja kuhusu vidogo vyote hivi: vinapiga teke. Bastola nyepesi haina mwili wa kuumeza mshtuko, kwa hiyo mshtuko wote unakuja mkononi. Mtutu ni mfupi, kilengeo ni kama punje ya mtama, na umbali wake wa haki ni hatua chache, yaani umbali ambao jambazi anaweza kukushika shati.

Sasa risasi. Mtetezi wa risasi ndogo atakutajia Bell, na ana haki ya kumtaja kwa sababu habari zake ni za huku huku. Leopold alipofariki Desemba 1909, mkataba ulisema Lado irudi upande wa Sudan baada ya miezi sita. Katika kipindi kile cha ardhi kukosa mwenyewe, wawindaji walimiminika kuchinja tembo. Walter Bell, Mskoti waliyempa jina la Karamojo, ndiye aliyewatia wenzake aibu. Wao walibeba mizinga ya kuvunja bega, yeye alibeba bunduki ya milimita 7, na katika maisha yake aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa hiyo. Siri yake? Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno akachunguza ubongo umekaa wapi, ndipo akajua pa kulenga akiwa upande wowote. Kwa hiyo kama unataka risasi ndogo ikutoshe kama ilivyomtosha Bell, fanya alivyofanya: mtafute jambazi, mwombe akae kitako kwenye mwanga mzuri, apumue taratibu, asikimbie. Tembo walikuwa na subira hiyo.

Aliyeamini ukubwa ni Theodore Roosevelt. Alitoka ikulu ya Marekani 1909, na Januari 1910 akapiga kambi kando ya Nile, pale panapoitwa Rhino Camp hadi leo. Alikuja na bunduki ya mitutu miwili ya kuangushia wanyama wanaoitwa wakubwa, na yeye na mwanawe Kermit wakaua vifaru weupe tisa kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Siku hizi Rhino Camp ni makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini. Kifaru amebaki kwenye kibao cha barabarani. Mabishano ya risasi ndogo na kubwa, kwa hiyo, yameanzia kwetu kabla baba zetu hawajazaliwa, na aliyeshindwa katika yote mawili ni mnyama.

Aina ya ncha nayo ina siasa yake. Ipo risasi iliyovikwa shaba mwili mzima, hupenya moja kwa moja. Ipo yenye shimo mbele, hufunguka ikiingia kwenye mwili, ikabaki humo. Mkutano wa The Hague wa 1899 uliwakataza wanajeshi kutumia zinazofunguka wanapopigana wao kwa wao, baada ya Waingereza kuzitengeneza Dum Dum, karibu na Calcutta. Askari polisi na raia hawakuguswa na katazo hilo, kwa hoja kwamba risasi inayobaki ndani ya mwizi haiendi kumtafuta jirani. Ni hoja nzuri kwa yeyote aliyelala kwenye loji za Koboko, ambako ukuta kati ya chumba na chumba ni ubao mwembamba na unajua mwenzako ameota nini. Lakini kwenye bastola ndogo kabisa mwendo wa risasi ni wa kinyonge. Shimo la mbele hujaa nyuzi za nguo na risasi haifunguki. Ndiyo maana wenye 6.35 wengi hurudi kwenye ile ya shaba, na wenye 9 ndefu huchukua ya shimo. Hayo ndiyo majibu ya kitaalamu. Jibu la Uganda ni fupi zaidi: cheti chako kitaandikwa aina na idadi ya risasi unazoruhusiwa, na utachukua kile mwenye leseni alicho nacho rafuni.

Utataka kufanya mazoezi. Tafadhali usiende kwa mjomba shambani. Koboko si mahali pa kujaribia kitu kimyakimya. Watu hawa waliona jeshi la Amin likipita 1979 kukimbilia Sudan na Zaire, wakaona waliokimbia wakirudi wakipigana 1980, na wenzao wa Arua wakaona mauaji ya Ombaci 1981. Vikaja vikundi vya waasi vya miaka ya tisini, hadi makubaliano ya amani ya Yumbe, Desemba 2002. Na 2016 Yei ya Sudan Kusini ilipowaka, milio ilisikika tena upande wa pili na watu wakavuka kwa maelfu. Masikio yaliyosomea katika shule hiyo hayahitaji kufundishwa. Unafyatua mara moja tu, saa tatu usiku, nyuma ya muhogo. Nyumba ya tatu mzee anageuka kitandani.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni AK?"

"AK gani! Hiyo bastola. Ndogo. Tena mwenyewe ameogopa, hakurudia. Lala."

Kesho yake, kabla hujapiga mswaki, mzee huyohuyo yuko mlangoni kwako kukujulia hali, na macho yake yanatembea moja kwa moja hadi mfuko wa kulia.

Hata hivyo siri haitasubiri mlio. Itakuwa imeshatoka kwenye karatasi, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lote. Maana ya bastola ya mfukoni ni kwamba hakuna anayejua unayo. Sheria ya silaha ya Uganda, ya tangu 1970, inataka uwe na cheti, na uwe umetimiza miaka 25. Barua ya maombi inaanzia kwa mwenyekiti wa kijiji, yaani LC1, chini ya mwembe, siku ya kikao. Ndani yake unaeleza wewe ni nani, unamwogopa nani, na una mali gani inayostahili kulindwa. Mwenyekiti hawezi kugonga mhuri bila kusoma, na hawezi kusoma bila kusoma kwa sauti, kwa sababu miwani ni ya katibu. Mpaka barua inakunjwa, wazee saba na mwanamke mmoja aliyepita akiuza mandazi wanajua kuwa unaogopa na kwamba una pesa.

Inapanda kwa maafisa wa usalama, inafika kwa mkuu wa polisi wa wilaya, DPC, inaingia kamati ya usalama ya wilaya anayoiongoza mwakilishi wa Rais, RDC, au RCC kwa walio ndani ya Arua, tangu ulipofanywa jiji 1 Julai 2020. Polisi wanachunguza kama umewahi kushtakiwa. Daktari anakuuliza maswali ya kupima akili. Ukimwambia huogopi chochote anaandika, ukimwambia unaogopa watu wote anaandika pia. Faili linakwenda makao makuu ya polisi Naguru, Kampala, na wewe unalifuata kwa basi la usiku, karibu kilomita 500, kupitia daraja la Pakwach. Ukirudi na cheti, bila hata ya kuionyesha bastola yenyewe, watoto wanaocheza mpira wa majani ya migomba watasimama upite. "Yule ndiye mzee wa bastola." Umekuwa mtu pekee mtaani ambaye kila mwizi anajua hasa kitu cha kwanza cha kuiba kwake, na kiko mfuko upi.

Basi kazi yako mpya inaanza. Ulitaka mlinzi, sasa umepata mkubwa wa kumlinda. Usiku umtafutie sefu ya chuma, na funguo ya sefu uifiche mahali ambapo yule mwana wa sekondari hajui, kama bado papo. Mchana umpanguse mafuta, maana jasho la Februari linatia kutu upesi kuliko mvua. Harusini huwezi kucheza. Kwenye pombe ya kwete unakaa na soda, sheria inakataza kubeba silaha ukiwa umelewa, na marafiki zako wanakutazama kwa huruma. Ukiipoteza, kituoni utaulizwa maswali ambayo mwizi hataulizwa. Kwenye kesi ya mpaka wa shamba, wewe ndiye mwenye haki na hati unayo, lakini ndugu watahama upande wako mmoja mmoja, kwa kuwa nani atamtetea mtu aliyekuja kikaoni na chuma? Shemeji wa Kampala naye ataomba apige nayo picha. Mkatalie. Atanuna hadi Krismasi.

Utaniambia wakubwa wanalindwa na bado wanalala usingizi. Ibrahim Abiriga, mbunge wetu wa Manispaa ya Arua, aliyevaa njano kuanzia kofia hadi viatu na kuendesha Volkswagen ya njano, alipigwa risasi karibu na nyumbani kwake nje ya Kampala jioni ya 8 Juni 2018, pamoja na ndugu yake aliyekuwa mlinzi wake. Huo ulikuwa msiba wa kweli, na Arua ilimlilia hata waliokuwa wakimcheka. Siku kumi na mbili baadaye Rais Museveni akasimama bungeni na mpango mrefu: kila bunduki ichukuliwe alama zake kama za vidole, kofia za kuficha uso zipigwe vita kwenye pikipiki, wabunge waongezewe walinzi. Kisha 2 Mei 2023 waziri mmoja wa serikali, Kanali mstaafu Charles Engola, akauawa nyumbani kwake na mlinzi wake mwenyewe. Nayaandika haya kwa sababu kipengele cha "nitalala salama" hakimo kwenye orodha ya sifa za bastola yoyote niliyoitaja hapo juu.

Kama bado unaitaka, iliyobaki ni safari. Cheti cha Uganda kinaishia Uganda. Barabara ya lami kutoka Vurra hadi Oraba ni kilomita 92 na utapita kote kwa amani ukiwa na karatasi zako, lakini ukifika Salia Musala, mahali nchi tatu zinapokutana, hatua moja pembeni inakufanya mwingiza silaha katika Kongo na nyingine inakufanya mwingiza silaha katika Sudan Kusini. Na biashara yako, unajua mwenyewe, iko sokoni Ariwara, upande wa Kongo. Kule ndiko unakobeba pesa nyingi. Njia ya kule ndiyo iliyokutia hofu tangu mwanzo. Kwa hiyo, siku ya soko, pitia kituo cha polisi kabla ya mpaka, mwombe afande kwa adabu akutunzie, akikubali uandikiwe kitabuni, usaini, uvuke mikono mitupu. Ukichelewa na mpaka ukafungwa, tafuta pa kulala hukohuko, pesa uziweke ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu chini ya mto. Bastola isikutie wasiwasi. Iko Uganda, nyuma ya mlango wa chuma, inalindwa na askari wawili wenye bunduki kubwa.